Mtego wa Malaise wa aina ya Townes: unamfaa anayeelezea nyigu mpya?

Wauzaji huusifu mtego wa Malaise, hema la neti linalonasa wadudu warukao, kwa wingi wa mavuno, na hawasemi uongo: ukiwekwa pazuri hujaza chupa kwa wiki moja. Lakini anayetaka kuelezea spishi mpya ya nyigu parasitoidi, yaani nyigu ambaye buu wake humla mwenyeji (mdudu anayemtegemea kwa chakula) hadi kumuua, haridhiki na wingi peke yake. Mwisho wa kazi yote anahitaji jike mmoja: vipapasio vyote viwili vizima, mabawa hayajachanika, mrija wa kutagia haujavunjika, DNA haijaoza, na lebo inayosema wazi alikotoka. Huyo ndiye atakayekuwa holotaipu, kielelezo kimoja kinacholibeba jina la spishi, na akishavunjika hakuna wa kumrudisha. Kwa hiyo hapa mtego unapimwa kwa swali moja: unatoa nyigu wa kuwa holotaipu, au unatoa supu ya wadudu?

Muundo wenyewe una hekima. René Malaise, mtaalamu wa wadudu wa Sweden, aliona jinsi wadudu wanaoingia hemani wanavyopanda hadi pembe ya juu na kutafuta upenyo hapo. Mwaka 1937 akachapisha maelezo ya hema lililoshonwa kwa kazi hiyo tu. Henry Townes, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa Ichneumonidae, familia kubwa ya nyigu parasitoidi, akaurekebisha, na muundo wake mwepesi wa 1972 ndio unaoigwa na mitego mingi iliyo sokoni. Ukuta wa katikati ni mweusi, paa ni jeupe na linapanda kuelekea upande mmoja, na kwenye ncha ya juu kabisa kuna kichwa kinachoshika chupa. Nyigu akigonga ukuta huparamia juu kuelekea mwanga. Mbawakawa wengi hufanya kinyume: hukunja miguu wakaanguka. Tofauti ya giza na mwanga ndiyo inayomwongoza mdudu, kwa hiyo mtego wa rangi moja toka chini hadi juu umeshonwa kumpendeza macho mnunuzi.

Kitu cha kwanza cha kukagua kabla ya kununua ni neti. Matundu ya milimita moja yanatosha kwa Ichneumonidae na kwa sehemu kubwa ya familia jirani ya Braconidae, lakini nyigu wadogo wa familia za Mymaridae na Trichogrammatidae, ambao wengi wao hawafiki hata milimita moja kwa urefu, hupita kama mchanga kwenye kapu. Neti laini zaidi huwakamata hao, ila nayo ina gharama yake: upepo haupiti, ukuta hutunisha tumbo kama tanga, vigingi hung'oka, na mvua ikinyesha maji hung'ang'ania kwenye matundu na paa huzama katikati. Anayeshughulika na Chalcidoidea, kundi lenye nyigu hao wadogo, achukue neti laini na akaze kamba mara mbili zaidi. Anayeshughulika na nyigu wakubwa achukue neti ya kawaida, asijitafutie kazi.

Kitambaa cha poliesta huvumilia jua kuliko nailoni. Lakini mara nyingi kinachokufa kwanza ni uzi. Mtego ulioshonwa kwa uzi wa pamba huoza kwenye mishono ndani ya msimu mmoja wa mvua, na huanza kuachia pale kichwa kinapoungana na paa, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa chupa iliyojaa unapovutia. Vuta mshono huo kwa vidole viwili kabla ya kulipa. Angalia pia mdomo wa chupa. Watengenezaji wengine wana kipimo chao cha nyuzi za kifuniko, na chupa nyingine yoyote haiingii. Chupa moja ikipasuka, mtego mzima unalala. Kichwa kinachokubali chupa za kawaida za maabara, zenye mdomo mpana, kina thamani kuliko mfuko mzuri wa kubebea.

Kuusimamisha huchukua watu wawili dakika 20 hivi, na makosa hapa ni yale yale kila mahali. La kwanza ni kuuweka katikati ya uwanja wazi. Wadudu wana njia zao: ukingo wa msitu, kijia cha wanyama, mkondo mwembamba wa maji, pengo kati ya vichaka viwili. Ukuta ukate njia hiyo, na kichwa kielekee upande wenye mwanga zaidi. La pili ni kuacha nafasi kati ya ukuta na ardhi. Nyigu wadogo huruka chini chini, na upenyo wa kiganja kimoja unatosha kuwapitisha wote. Zika ukingo wa chini kwa udongo kidogo au majani. La tatu ni kamba. Sisimizi wakigundua kwamba kuna nyama kwenye chupa, hupanda kwa kamba ya kichwa usiku mmoja na kuacha mabawa matupu. Pakaa grisi kwenye kila kamba na kwenye mti wa kichwa, kisha kata kila jani linalogusa neti, maana sisimizi hawahitaji kamba wakipata daraja. Buibui ni kero ya namna nyingine: hutanda utando kwenye koo la mtego, kati ya paa na chupa, na wiki nzima ya mavuno hugeuka chakula chao. Ukienda kubadilisha chupa, ingiza mkono kooni kila mara, hata kama hakuna kinachoonekana.

Sasa tuje kwenye chupa, ambako holotaipu nyingi huharibikia. Ethanoli ya 95–96% huhifadhi DNA vizuri lakini humkausha nyigu akawa mkavu kama kijiti: vipapasio na miguu hukatika kwa kuguswa tu na brashi. Ethanoli ya 70–80% humwacha akiwa laini, ila DNA huanza kukatikakatika, na kwenye joto huharibika haraka zaidi. Hakuna kiwango kimoja kinachoridhisha pande zote mbili. Utaratibu unaofaa ni kukusanyia kwenye 95–96%, kisha, siku ya kuwachambua, kumhamishia yule nyigu anayevutia kwenye 80% kwa saa kadhaa ili viungo vilainike kabla ya kumgeuzageuza.

Jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayasemi ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye jerikeni si namba iliyomo kwenye chupa baada ya wiki. Ethanoli huvukiza haraka kuliko maji, kwa hiyo kinachobaki ni dhaifu. Na kila mdudu anayeingia huleta maji ya mwilini mwake. Chupa iliyoanza na 96% na ikajaa nondo na nzi inaweza kushuka hadi kiwango cha kuozesha, huku ikiendelea kunukia spiriti vizuri tu. Pima kwa haidromita ya spiriti, kifaa kinachoonyesha asilimia ya ethanoli. Bila haidromita, fuata kanuni ya macho: wadudu wasizidi theluthi moja ya ujazo, na ethanoli yote imwagwe na kubadilishwa siku hiyo hiyo chupa inaporudi kutoka porini. Kwenye joto kali badilisha kila siku 7. Kwenye baridi siku 14 zinavumilika. Chupa ijazwe hadi robo tatu tu, la sivyo kimiminika kinakaribia mno mlango na wadudu hutua, wakageuka, wakatoka. Spiriti ya rangi, ile ya majiko, isiguswe kabisa, kwa sababu rangi hiyo huingia kwenye kielelezo. Mahali ambapo mtego hauwezi kufikiwa kwa wiki kadhaa, propileni glikoli ni mbadala mzuri: haivukizi upesi, haishiki moto kirahisi, na DNA hubaki. Adhabu yake ni utelezi. Nyigu lazima waoshwe kwa ethanoli mara tatu, vinginevyo mabawa hushikana na hayaachani.

Ukimimina chupa ya wiki moja kwenye sinia jeupe, utakachokiona kwanza ni uji wa rangi ya kahawia. Hao ni nondo. Vumbi la mabawa yao hutoka kwa mamilioni ya vigamba na kumfunika kila nyigu, hadi vidoti vya usoni na mikwaruzo ya mgongoni, ambavyo ndivyo vinavyotofautisha spishi, havionekani. Toa nondo na vipepeo wote kwa koleo mwanzoni kabisa, kabla ya kutikisa chochote. Nyigu aliyechafuka huoshwa kwa kuzungushwa polepole ndani ya ethanoli safi kwenye kioo cha saa, yaani kisahani kidogo cha kioo. Brashi ya nywele laini itumike mwishoni, na isiguse vipapasio.

Ukishamweka chini ya hadubini, angalia bawa la mbele. Kuna vena ndogo iitwayo 2m-cu. Ichneumonidae karibu wote wanayo. Braconidae karibu wote hawana. Vena moja hiyo inakupeleka kwenye kabati la familia moja au ya nyingine, na zote mbili ni kubwa: kila familia ina zaidi ya spishi 20,000 zilizokwisha kuelezwa. Bawa lililokunjika kama karatasi ya pipi halionyeshi vena hiyo wala nyingine, na mabawa hukunjika zaidi kwenye chupa iliyosongamana. Hapo ndipo sifa ya mavuno mengi inapokuwa hasara.

Kumkausha ni hatua ambayo mtego hauhusiki nayo moja kwa moja, lakini kwa kuwa kila kinachotoka kwenye mtego huu hutoka kikiwa majimaji, lazima ihesabiwe kwenye gharama. Nyigu akitolewa kwenye ethanoli na kuachwa akauke hewani, macho hubonyea, fumbatio hunywea, vipapasio vya Chalcidoidea hukunjamana. Tatizo hapa si sura tu. Maelezo ya spishi hutegemea uwiano: urefu wa mrija wa kutagia ukilinganishwa na muundi wa mguu wa nyuma, umbali kati ya vijicho vidogo vya utosini ukilinganishwa na umbali hadi jicho kubwa. Kichwa kilichobonyea kinatoa namba ya uongo, na namba hiyo ikishachapishwa itampotosha kila atakayeutumia ufunguo wa utambuzi, yaani mwongozo wa hatua kwa hatua wa kutambua spishi. Mashine ya kukaushia kwa kaboni dayoksaidi chini ya shinikizo ndiyo bora. Asiye nayo atumie HMDS (heksamethildisilazeni), kimiminika cha kukaushia vielelezo: mpitishe nyigu kwenye ethanoli ya 80%, 96%, kisha 100%, nusu saa hadi saa moja kila hatua kwa wadogo, halafu HMDS mara mbili, na uiache ivukize chini ya kofia ya kufyonza hewa. Ni dawa yenye sumu na hushika moto; isifunguliwe mezani. Baada ya hapo nyigu hubandikwa ubavu wa kulia kwenye ncha ya kadi ya pembetatu, kwa tone la gundi dogo kuliko kichwa cha pini. Gundi ikizidi hufunika ubavu mzima, na ubavu una nusu ya sifa za utambuzi. Wale wasiofika milimita moja hawaendi kwenye kadi. Huenda kwenye kioo cha hadubini, ndani ya zeri ya Kanada, utomvu angavu unaoganda.

Udhaifu mkubwa kabisa wa mtego huu hauna dawa. Unakupa nyigu, haukupi mwenyeji wake. Chukua Epirhyssa quagga, aliyeelezwa mwaka 2019 kutokana na mitego ya Malaise katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda, na kupewa jina la pundamilia kwa mpangilio wa rangi zake. Ni wa kundi la Rhyssinae, ambao hutoboa mbao kwa mrija mrefu wa kutagia kuwafikia mabuu walio ndani. Maumbile yanamwambia mtafiti kiasi hicho. Ni buu gani hasa, wa mti gani, chupa ya ethanoli haiwezi kujibu. Linganisha na kazi ya Guanacaste, Costa Rica, iliyochapishwa mwaka 2014 na kuelezea spishi mpya 186 za jenasi Apanteles: nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kuwafuga viwavi mmoja mmoja na kusubiri nyigu atoke. Huko kila nyigu anakuja na kiwavi wake na mmea wake. Mtego wa Malaise hauwezi kufanya hivyo hata ukiuweka miaka 20.

Kuna na suala la dume na jike. Mtego hunasa wote, lakini hauwaoanishi. Kwa makundi mengi funguo za utambuzi zimejengwa juu ya jike, kwa hiyo holotaipu iwe jike isipokuwa kuna sababu nzito. Dume aoanishwe kwa DNA, asioanishwe kwa kufanana rangi.

Kwa upande wa DNA, mtego ukihudumiwa kama ilivyoelezwa hapo juu hufanya kazi nzuri. Kipande cha COI, jeni inayotumika kutofautisha spishi, chenye herufi 658 za DNA hupatikana kutoka mguu mmoja wa nyigu mkubwa. Chukua wa kulia, maana upande wa kushoto ndio utakaopigwa picha. Nyigu mdogo huloweshwa mzima kwenye kimeng'enya cha proteinezi K kwa nyuzi 56 za Selsiasi, kisha huoshwa na kukaushwa akiwa bado na umbo lake. Kuwa mwangalifu na matokeo: bakteria Wolbachia, anayeishi ndani ya nyigu wengi, anaweza kunakiliwa badala ya mwenyeji wake, na nakala bandia za COI zilizomo kwenye kiini cha seli huonekana kama spishi ya pili. Tafsiri herufi ziwe protini; ukikuta alama ya kusimama katikati, hiyo si COI halisi.

Hapa ndipo mtego unapomshawishi mtu apite njia ya mkato. Chupa chache zinaweza kuleta spishi zisizo na majina kuliko ambazo mtu mmoja ataweza kuzielezea maishani. Mwaka 2021 makala moja ilielezea spishi 403 za Braconidae wa Costa Rica kwa kutegemea hasa herufi za COI na picha, na ubishi ukazuka kati ya wataalamu. Wanaotetea njia hiyo wana hoja, kwa sababu wadudu wanatoweka haraka kuliko tunavyoandika. Lakini maelezo ya herufi tupu hayamsaidii mtu mwenye kielelezo cha zamani cha makumbusho ambacho DNA yake imekwisha. Andika herufi na umbo pamoja, hata kama umbo ni sifa tano tu zilizochaguliwa vizuri.

Upande wa sheria, mtego huu una mtego wake. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, toleo linalotumika tangu 2000, inadai spishi mpya itajwe wazi kuwa ni mpya, iwe na maelezo ya sifa zinazoitofautisha, holotaipu itajwe wazi, na itajwe itahifadhiwa wapi. Tangu 2012 machapisho ya kielektroniki peke yake yanakubalika, mradi yawe yameandikishwa ZooBank, sajili rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, na chapisho lenyewe lioneshe ushahidi wa kuandikishwa. Hayo yote yanategemea lebo. Lebo ya Malaise ina tarehe mbili, ya kuweka na ya kutoa, na zote mbili ziandikwe, pamoja na nchi, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, aina ya mtego na jina la mkusanyaji. Iandikwe kwa penseli au wino wa pigmenti na iingie ndani ya chupa. Chapa ya printa ya leza hubanduka kwenye ethanoli na kuelea kama pilipili manga. Chupa yenye herufi "T4" tu kwenye kifuniko ni hasara inayosubiri daftari lipotee. Na kibali: mtego haubagui, kwa hiyo kibali kinachotaja nyigu pekee hakihalalishi maelfu ya nzi waliomo chupa hiyo hiyo. Litatue hilo kabla ya kufunga kamba ya kwanza, hasa kama vielelezo vitavuka mpaka.

Kwa kugundua kuwa spishi ipo, tunaupa alama 9 kati ya 10. Kwa kumpata nyigu wa kumwelezea, 6, na alama hizo sita zinategemea nani anabadilisha chupa. Ukiununua, nunua na chupa sita za akiba, haidromita, na mabakuli ya njano manane au kumi ya kupanga chini ya ukuta, yenye maji na tone la sabuni, ambayo huvunwa kila siku au mbili. Mabakuli hayo hunasa nyigu wadogo wa makundi ya Platygastroidea na Chalcidoidea ambao hawapandi hadi chupani, na mara nyingi huwatoa wakiwa safi kuliko waliopitia koo la mtego, kwa sababu nondo ni wachache humo. Aina kubwa ya mita 6 yenye vichwa viwili iache, labda kama una watu wa kuchambua. Huongeza uji kuliko inavyoongeza spishi.

Na mwenye mwenyeji anayemjua tayari, tuseme kiwavi fulani kwenye mmea fulani, mtego huu haumfai kabisa. Anunue vikopo vidogo vyenye kifuniko cha neti, kiwavi mmoja kila kikopo, jani jipya kila siku, na nyigu akitoka amwache siku nzima akomae rangi kabla ya kumuua. Ngozi ya kiwavi na kifukofuko cha nyigu vitiwe kwenye kapsuli ya jelatini na kuchomwa kwenye pini ile ile.